Mstari Mrefu wa Alasiri

Kila asubuhi, kabla chai haijachemka, mama alisimama mbele ya kisanduku kilichobandikwa kwenye ukuta wa sebule na kukikagua kuanzia juu hadi chini. Mama huyu hakuwa mtu wa kuamini mambo haraka. Mchele aliouziwa kuwa umechambuliwa aliuchambua tena, na mteja akimwambia "nitakuja kesho" alimwuliza, "Kesho ipi?" Kisanduku kile, hata hivyo, alikiamini kuliko alivyowaamini watu wengi.

Kilikuwa kimeunganishwa na mita mpya ya umeme iliyofungwa nje, karibu na dirisha la jikoni. Mtaa mzima uliiita mita janja. Mita ya zamani ilikuwa na kigurudumu kilichozunguka polepole, na msomaji wake alikuja alipojisikia. Siku za mvua alichungulia kutoka getini, akakisia, akaenda zake. Hii mpya haikungoja mtu. Ilijisomea yenyewe na kupeleka hesabu kwenye kampuni ya umeme, na pale sebuleni kisanduku kikaonyesha mistari, mmoja kwa kila saa ya siku iliyopita. Umeme ukitumika kidogo, mstari wa saa hiyo ulikuwa mfupi. Ukitumika sana, ulirefuka.

Mama alikuwa mshonaji wa sare za shule, na cherehani yake pamoja na pasi yake nzito vilitaka umeme wa kutosha. Tangu mita mpya ifungwe alikuwa amejifunza mengi. Aligundua kwamba friji lao kuukuu lilinguruma usiku kucha kwa sababu mlango wake haukushika vizuri, akaurekebisha. Aligundua pia kwamba umeme wa jioni ni ghali kuliko wa asubuhi, akahamishia kazi yake asubuhi. "Hiki kidude kimenifumbua macho," aliwaambia wateja wake. Bibi, mama yake mzazi aliyeishi nao, ndiye pekee ambaye hakukipenda. Kila alipopita sebuleni na mkongojo wake alikipa kisogo. "Kitu kinachojua saa ninayowasha taa," alisema, "kinajua mengi kupita umri wake."

Asubuhi hiyo mama hakukisifu kidude chake. Alisimama kimya mpaka chai ikafurika jikoni.

"Tena," alisema. "Alasiri tena. Njooni muone."

Mezani walikuwa wameketi wawili. Mmoja alikuwa binti yake wa miaka kumi na miwili, ambaye kila mtu alimwita Wakili. Jina hilo alilipata shuleni, kwa sababu aliposimama kutetea jambo aliongea mpaka kengele ikamwokoa mpinzani wake. Wa pili alikuwa mjomba, mdogo wake mama, fundi redio. Karakana aliyofanyia kazi ilikuwa imefungwa, naye akaja na begi moja na sanduku la vifaa, akapewa chumba cha uani. Tangu hapo alitengeneza redio za majirani kwenye baraza ya nyuma, huku akitafuta kazi nyingine. Baba yake Wakili alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu na siku hizo alikuwa safarini.

"Tazameni," mama alisema, akigusa kioo cha kisanduku kwa ncha ya kidole. "Asubuhi hapa nilikuwa nashona, sawa. Mchana nimekwenda sokoni kupima wateja, mstari umeshuka, sawa. Halafu alasiri, mimi sipo, ona! Mrefu kuliko wangu mimi niliyekuwa nashona! Nani anakula umeme wangu alasiri?"

Wakili alitazama ndani ya kikombe chake kitupu.

"Si mimi, Dada," mjomba alisema. "Kile chuma changu cha kulehemu hakina ubavu huo. Nikikiwasha, mita yenyewe haigeuzi shingo."

"Basi nani? Mtoto akitoka shule yuko chumbani anasoma. Mama yetu hata redio huomba awashiwe. Amebaki nani, paka?"

Mjomba alifungua mdomo ajibu. Akatupa jicho kwenye mlango wa chumba cha bibi, kisha akafunga mdomo. "Si mimi," alirudia, kwa sauti ya chini.

"Mita haidanganyi," mama alisema, na akaenda kufuta chai iliyomwagika.

Ni kweli, mita haikudanganya. Mjomba naye hakudanganya. Wakili alijua jinsi mambo hayo mawili yalivyoweza kuwa kweli kwa pamoja, kwani umeme ule aliutumia yeye.

Mambo yalianza pamoja na mvua. Wakili alilala chumba kimoja na bibi, vitanda vyao vikitazamana. Alfajiri moja aliamka akamkuta bibi ameketi ukingoni mwa kitanda, amekumbatia shuka lililolowa, analia bila kutoa sauti. Wakili hakuwahi kumwona akilia. Huyu alikuwa bibi wa utani, aliyemwita "mke mwenzangu" na kumtishia kwamba atamnyang'anya mume siku ya harusi yake.

"Bibi, umemwaga maji?"

"Siyo maji, mjukuu wangu. Ni mimi." Bibi alijifuta macho kwa pembe ya kanga. "Na leo si mara ya kwanza. Nalala mkavu, naamka hivi, wala sijui mkojo umetoka saa ngapi."

"Nimwite Mama?"

"Hapana!" Bibi alimshika mkono kwa nguvu iliyomshangaza. "Mama yako nimemwogesha mimi. Nimemfundisha mimi kuamka usiku asiloweshe kitanda. Leo anivalishe nepi? Sikiliza, mke mwenzangu. Hili lifie hapa, kati yetu sisi wawili. Niahidi."

Wakili aliahidi. Nani angekataa, akiona machozi yale?

Basi wakapanga kazi yao. Mama akishaondoka kwenda sokoni, bibi alilifua shuka ndani ya beseni humo humo chumbani. Kulianika haikuwezekana. Mvua ilinyesha kila mchana, tena kamba ya nguo ilikuwa uani, mbele ya macho ya majirani, na shuka linaloanikwa kila siku huzua maswali. Wakili alipotoka shule alichukua pasi nzito ya mama, akafunga mlango, akalipiga shuka pasi mpaka likauke. Kisha akatandika taulo juu ya godoro na kulipiga pasi godoro nalo. Mvuke ulijaa chumbani, vidole vilimwungua, na siku moja pasi ilitoa cheche na kumpiga shoti iliyomfanya aidondoshe. Hakumwambia mtu. Mama aliporudi alikuta kitanda kimetandikwa, pasi imepoa na iko mahali pake, na binti amefungua kitabu.

Walikuwa wameficha kila kitu isipokuwa umeme, na huo haukuwa na pa kufichwa.

Jumamosi mambo yakaharibika. Mama alikuwa amepewa kazi ya kushona sare za darasa zima, na mkuu wa shule alizitaka Jumatatu. Alikuwa katikati ya mshono cherehani iliponyamaza. Friji likanyamaza, na kisanduku ukutani, kwa betri yake ya ndani, kikawaka nukta nyekundu. Uniti zilikuwa zimekwisha, na mita janja ilikuwa imekata umeme yenyewe. Mama alichukua simu anunue nyingine, lakini mtandao ulikuwa chini. Alijaribu tena na tena. Alitoka nje akasimama mbele ya mita, mikono kiunoni.

"Mita ya zamani ilikuwa na msomaji," alisema. "Ungemlilia, akakupa hata siku moja. Wewe nitakulilia wapi?"

Umeme ulirudi jioni, wakati wa bei kubwa. Mama alikuwa amekwisha kushona kwa mkono mpaka kidole cha shahada kikatoka damu. Aliweka sindano chini akamwita mdogo wake.

"Nilinunua umeme wa kunifikisha mwisho wa mwezi," alisema. "Nimepanga kila saa. Kilichoniangusha ni hizi alasiri, na hizi alasiri ziko mikononi mwako. Sikukatai kwa sababu huna kazi. Nakukataa kwa sababu unanitazama usoni na kukana. Kweli kikulacho ki nguoni mwako."

"Dada, mimi—"

"Nakupa wiki moja utafute pa kwenda. Ijumaa nikirudi kutoka sokoni uwe umefunga begi."

Mjomba alisimama kidogo, kama mtu anayesubiri mwingine aseme. Wakili alikuwa pale pale, ameshika upindo wa sare. Bibi alikuwa amelala na hakusikia kitu.

"Sawa, Dada," mjomba alisema.

Kesho yake Wakili alimfuata barazani. Mjomba alikuwa ameinamia redio iliyofunguliwa tumbo, lakini bisibisi ilikuwa haigeuki mkononi mwake.

"Utakwenda wapi, Mjomba?"

"Dunia ni pana, mama." Alimwita hivyo, kama wajomba wanavyowaita watoto wa dada zao. "Rafiki yangu ana kibanda cha kuuza betri. Usiku kikifungwa kuna nafasi ya mtu kujinyoosha, akikunja miguu."

"Kwa nini hujitetei?"

Mjomba aliweka bisibisi chini. "Kuna maneno ukiyasema unajiokoa wewe, unamzamisha mwingine. Hayo afadhali kuyameza. Nipe ule waya mwekundu."

Wakili alimpa waya. Usingizi ukamkimbia wiki nzima. Akisema, atamwaibisha bibi na kuvunja ahadi. Akinyamaza, mjomba atalala kwenye sakafu ya kibanda kwa kosa ambalo si lake. Aligeuza jambo hilo upande huu na upande ule, na kila upande ulikuwa na mtu anayeumia.

Ijumaa ikafika, na Ijumaa ilikuwa siku ya mdahalo darasani. Mwalimu aliandika mada ubaoni: *Mita mpya za umeme zina faida kuliko hasara.* Alimpa Wakili upande wa kuunga mkono, na watoto wakapiga madawati kwa furaha, maana walijua watapata burudani.

Wakili alisimama akasema yote aliyoyaona nyumbani. Alisema mita mpya haikisii kama msomaji wa zamani. Alisema umeme ukikatika mtaani, kampuni inajua hata kabla hujapiga simu. Alieleza habari ya mlango wa friji, na jinsi mama alivyojifunza kufanya kazi saa za bei nafuu. Mwishoni, kwa mazoea ya kumaliza kwa kishindo, akasema, "Na mita haidanganyi! Nyumbani kukiwa na mtu anayetumia umeme kwa siri, mita itamfichua!"

Makofi yakavuma. Wakili alikaa, na maneno yake mwenyewe yakamkumbusha mjomba.

Wa kupinga alikuwa msichana wa dawati la nyuma aliyeitwa Kimya. Aliongea kwa nadra, na alipoongea ilibidi uinamishe sikio.

"Jirani yetu ni mzee anayeishi peke yake," Kimya alianza. "Uniti zake zilikwisha simu yake ikiwa haina chaji. Hakuwa na umeme wa kuchaji simu, wala simu ya kununulia umeme. Zamani angemwendea mtu. Sasa hakuna mtu wa kumwendea." Alimeza mate. "Tena mita inajua saa tunayoamka, saa tunayopika, siku ambayo hatupo. Sisi hatujui nani mwingine anatazama. Na jambo la mwisho ni kwa Wakili. Mita inajua saa. Haijui ni nani, wala haijui kwa nini. Mtu akihukumiwa kwa mita peke yake, hajahukumiwa na mita. Amehukumiwa na mtu ambaye hakuuliza."

Mwalimu aligeuka. "Wakili, una nafasi ya kujibu."

Wakili alisimama. Akilini mwake alimwona mjomba ameinamia redio, bisibisi haigeuki.

"Sina la kujibu, Mwalimu," alisema. "Amesema kweli."

Kengele ya kutoka ilipolia, hakungoja kusikia nani kashinda. Alikimbia kwenye manyunyu mpaka nyumbani, mkoba ukimpiga mgongoni.

Mama alikuwa amerudi mapema. Mjomba alikuwa amesimama sebuleni, begi begani, sanduku la vifaa mkononi, na mama alikuwa anapanga sare mezani bila kumtazama. Maana hata mwenye hasira hawezi kumtazama nduguye akiondoka.

"Mama," Wakili alisema, akihema. "Umeme ni mimi."

"Nini?"

"Kila alasiri ni mimi. Nawasha pasi yako."

Mama aliweka chini sare aliyoishika. "Pasi? Unapiga pasi nini kila siku ya Mungu?"

Wakili alishika mkanda wa mkoba wake kwa mikono miwili.

"Nakuuliza."

"Siwezi kusema, Mama. Niliahidi. Nipige, niadhibu, ninyime chochote, lakini Mjomba asiondoke. Hakufanya kitu."

Mama alitikisa kichwa, na uso wake ukawa na huzuni kuliko hasira. "Najua unampenda mjomba wako. Shuleni wanakuita Wakili, lakini usije ukamtetea mtu kwa uongo ndani ya nyumba yangu."

"Si uongo!" Wakili alilia sasa, kwa kwikwi, kama mtoto mdogo. Kumbe kusema kweli na usiaminiwe kunauma hivi! Hivi ndivyo mjomba alivyoumia wiki nzima. "Si uongo, Mama, wallahi si uongo!"

Ndipo mkongojo uliposikika ukigonga sakafu. Mlango wa chumba ulifunguka, bibi akatokea. Mkono mmoja ulishika mkongojo. Mwingine ulibeba shuka lililokunjwa, na matone ya maji yalidondoka nyuma yake sakafuni.

"Mwache mtoto," bibi alisema. "Anapiga pasi hili hapa. Ni langu mimi."

Mama alitazama matone sakafuni.

"Nalowesha kitanda, binti yangu," bibi aliendelea. "Tangu mvua zianze. Nilimfunga mtoto mdomo, nikajua shida yangu imekwisha. Sikujua kwamba mwanangu anafukuzwa kwa ajili ya shuka langu. Mngeniambia. Lakini na mimi ningewaambia."

Mama alivuta kiti akakaa. Kisha akainuka tena, akamwendea bibi, akalipokea shuka lile kwa mikono miwili.

"Mama, kwa nini hukuniambia?"

"Wewe ungeniambia?"

Mama alimkumbatia bibi pamoja na shuka lake, na maji yakamlowesha kifuani, asijali. Aliponyanyua uso alimgeukia mdogo wake.

"Ndugu yangu, nimekukosea. Nilikuuliza swali huku jibu nimeshalishika mkononi. Nisamehe."

Mjomba alitua begi. "Nilijua, Dada," alisema.

"Ulijua nini?"

"Shuka lenye maji likipigwa pasi lina harufu yake. Dirisha lao liko juu ya baraza ninapokaa. Nilisikia harufu, nikasikia na mama yetu akimwambia mtoto afanye haraka. Nikaelewa."

"Ukaacha nikufukuze?"

"Ningesema nini? Nisimame hapa nimtangaze mama yangu?" Alijaribu kucheka, lakini machozi yalimtangulia. Bibi alimnyooshea mkono, naye akaja akapiga magoti mbele yake, mtu mzima na ndevu zake.

Mama hakuwa amesahau pasi. Jioni hiyo alimketisha Wakili kando yake, akatazama vidole vyake, akaona alama za kuungua. Wakili akamweleza na ile shoti. Mama alifumba macho.

"Umeme na maji ni maadui," alisema. "Pasi iliyochomekwa, juu ya nguo inayochuruzika, mtoto peku kwenye sakafu yenye maji! Ungekufa, mwanangu. Mimi ningebaki nautazama mstari ukutani, nagombana na mjomba wako, na wewe umelala nyuma ya mlango. Usirudie. Hata kwa ajili ya mtu unayempenda, usirudie."

Jumatatu mama alifuatana na bibi hadi zahanati. Daktari alikuwa mwanamke mwenye sauti ya upole. Aliuliza maswali mengi, akataka kipimo, kisha akawaita tena.

"Una maambukizi kwenye njia ya mkojo, Bibi," alisema. "Yanatibika. Na misuli nayo imelegea kwa sababu ya umri. Kuna mazoezi nitakuonyesha, yanafanyika hata ukiwa umekaa. Mpaka utakapopona, tandika mpira chini ya shuka. Wazee wengi wana shida hii. Tatizo wanakuja kwangu wamechelewa, kwa sababu ya aibu."

"Kumbe ni ugonjwa?" bibi aliuliza.

"Ulidhani ni nini?"

"Nilidhani ndio mwisho wangu," bibi alisema, na njia nzima ya kurudi alitembea haraka kuliko mkongojo wake.

Dawa zilifanya kazi. Usiku mmoja ulipita mkavu, kisha mwingine, na baada ya hapo bibi aliamka mapema ili tu apate nafasi ya kumtania mke mwenzake. Kwenye kisanduku, mistari ya alasiri ilishuka ikawa mifupi kama ya usiku wa manane.

Jumapili moja, chai ikiwa mezani na wote wamekaa, mama aliwaambia alichokuwa amekifikiria.

"Mita hii sitaiomba wanitolee," alisema. "Inanisaidia. Imenionyesha umeme unatumika lini na kiasi gani. Lakini nilitaka inionyeshe pia nani na kwa nini, na hayo si kazi yake. Hayo nilipaswa kuuliza mwenyewe, tena kwa upole, ili anayejibu asiogope. Nilikosa mimi mkubwa." Akamgeukia Wakili. "Na wewe ulifanya jambo la huruma, na ulipoona mtu mwingine anaumia kwa ajili yako, ukasema. Hilo lilitaka moyo. Ila ulichelewa. Siri inayoficha ugonjwa, au inayomtwika mwingine lawama, usiibebe peke yako. Mwendee yule uliyemwahidi, umwambie, 'Siwezi tena.' Akikataa, mtafute mtu mzima unayemwamini."

"Mficha uchi hazai," bibi alisema, akikoroga chai yake. "Methali nimeisema miaka yote kwa wenzangu. Siku iliponihusu mimi, nikajifanya kiziwi."

Mjomba hakuondoka tena. Kabla msimu wa mvua haujaisha alipata kazi kwenye duka la vyombo vya umeme, na kazi nyingine alikuja nazo nyumbani.

Asubuhi moja mama alisimama mbele ya kisanduku kama ilivyokuwa ada yake, na mgongo wake ukanyooka. Mstari wa alasiri ulikuwa umepanda tena, mrefu kama zamani. Mezani vikombe vilisimama njiani. Wakili alimtazama bibi, bibi akamtazama mjomba.

Mama aligeuka. "Jana alasiri palikuwa na nini?" aliuliza, taratibu. "Kuna mtu ana shida na hajasema?"

"Ni mimi, Dada," mjomba alisema. "Nililetewa jiko la umeme nilitengeneze, nikaliwasha kulijaribu. Jana nilitoka kazini mapema, kisha nikasahau kukuambia. Nitanunua uniti nyingine leo."

"Sawa," mama alisema, na akaketi kunywa chai yake.

Bibi aliinuka, akachukua mkongojo wake. Alipofika kwenye kile kisanduku hakukipa kisogo kama siku zote. Alisimama, akakitazama uso kwa uso.

"Umesikia?" alikiambia. "Watu huulizana hivyo."